Mafuriko Yasiyo na Mawe

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri simu ilitetemeka juu ya kiti cha plastiki ambacho mimi hukiita meza. Alikuwa Shangazi, wa Kasese. Mtu wa umri wake hapigi simu saa hizo kuulizia hali.

"Baba, sisi ni wazima," akaanza, na hapo ndipo nilipoogopa. "Tuko huku juu, kwenye shule. Watoto ninao wote. Mguu tu ndio umeteguka gizani. Maji yameshuka, kwani wewe hujaona?"

Sikuwa nimeona kitu. Nikamwomba anitumie alichoona yeye.

Picha ikaingia kwanza na ukungu wake, nikaigusa ikafunguka. Maji ya kahawia yamejaa barabara. Mapaa mawili ya mabati. Mwanamke amejitwika godoro. Nyuma yake milima imefunikwa na wingu. Chini yake mtu ameandika kwa herufi kubwa: NYAMWAMBA USIKU HUU, KILEMBE IMEKWISHA, WAJULISHE WENGINE. Juu yake ile mishale miwili ya WhatsApp, kuonyesha kwamba imeshapita mikono mingi.

Niliitambua kabla sijamaliza kuitazama.

Kilichonitambulisha ni godoro. Mkono wa kushoto wa yule mama umelishika kwa chini, lakini vidole havionekani. Vimezama ndani ya sponji kana kwamba godoro ni uji. Wiki saba nyuma nilikuwa nimesimama mbele ya wenzangu ofisini Kampala, picha hiyohiyo ikiwa kubwa ukutani, nikisema kwa majivuno, "Sekunde kumi na moja tu, jamani." Mmoja aliuliza kuhusu vidole. Nikamjibu, nani atatazama vidole?

Usiku ule mto haukuja. Mvua ilinyesha kweli, na anayeishi chini ya Rwenzori akisikia mvua ya usiku hulala jicho moja, lakini Nyamwamba ulibaki ndani ya kingo zake. Shangazi alikimbia na wajukuu watatu, akapanda kilima kwenye tope, akaanguka, kwa sababu ya picha iliyochorwa na akili mnemba, iliyotoka kwenye kitufe nilichokiweka mimi kwenye jukwaa letu la makala.

Kwa wiki nyingi nimejaribu kuliandika jambo hili. Kila nikianza, najikuta nimegeuka wakili wangu mwenyewe.

## Kisanduku cha kijivu

Wanaotuandikia wanakijua. Ukifungua makala mpya kwenye jukwaa letu, juu ya nafasi ya kichwa cha makala kulikuwa na kisanduku cha kijivu kilichozungushiwa vitonevitone: Weka picha. Ukikiacha wazi na kubonyeza Chapisha, lilitokea onyo: "Makala isiyo na picha hupata wasomaji wachache. Uendelee?" Maneno hayo ni yangu. Niliyaandika alasiri moja bila kumwuliza mtu, na hakuna aliyewahi kuyahoji.

Nilikuwa na sababu. Hapa Uganda makala zetu hutembea kwa WhatsApp zaidi ya njia nyingine yoyote. Facebook ilifungwa Januari 2021, na si kila mtu ana subira ya VPN. Kiungo kikitumwa kwenye kikundi bila picha, kinakaa pale kama mtu aliyekuja harusini na kandambili. Chenye picha kinaguswa.

Sasa, waandishi wetu ni nani? Ni mama wa Busia anayeuza mukene mchana na kuandika usiku. Ni dereva wa lori wa Malaba, askari mstaafu wa Bombo, watu wa Arua na Bwera ambao Kiswahili walikiokota sokoni na mpakani kabla ya mwalimu yeyote kuwafundisha. Simu zao zina kamera. Ila jambo wanaloliandika mara nyingi lilitokea kabla ya simu hizo, au siku ambayo betri ilikuwa imekwisha. Kisanduku cha kijivu kikawadai picha ambayo hawakuwa nayo.

Wakaanza kuokota mtandaoni. Picha ya soko la samaki la Busia ikagundulika kuwa ya Ghana. Msomaji aliona bendera kwenye mtumbwi. Mpiga picha mmoja wa Jinja akatuandikia kwa adabu kubwa kwamba picha yake ya Mto Naili imeonekana kwenye makala tatu bila jina lake. Alikuwa na haki. Tulimlipa, tukamwomba radhi, tukaanza kutafuta dawa.

Na dawa ilikuwa inatangazwa kila kona. Ilikuwa mitambo ya akili mnemba, inayochora picha kwa kuandikiwa maneno: mwaka 2022 peke yake ulileta DALL-E 2, Midjourney, na mwezi Agosti Stable Diffusion, iliyotolewa wazi kwa yeyote mwenye kompyuta ya kutosha. Majukwaa makubwa ya kublogu yakaanza kuweka kitufe cha kuchora picha ndani kabisa ya vihariri vyao, pale pale mwandishi anapoandikia. Nasi tukakodi mtambo mmojawapo, tukachomeka kitufe. Hakuna tena mpiga picha wa kulalamika, tulisema. (Kwamba huko kwingine walikuwa wameshaanza kulalamika, kwamba mwaka 2023 kampuni ya picha ya Getty Images iliishtaki Stability AI, wenye Stable Diffusion, kwa madai kuwa picha zake zilitumika kuufundisha mtambo, hayo niliyasoma nikayapita. Mwenye njaa hamwulizi mpishi nyama ni ya nani.)

## Chenga

Mtambo huu hauendi mahali kutafuta picha. Waandishi wetu wengi walidhani hivyo, na mimi sikuwasahihisha kwa sauti ya kutosha.

Unaanza na chenga, zile za televisheni iliyokosa antena. Kisha unazipunguza kidogo kidogo, hatua kwa hatua, kila hatua ukikisia: kama ndani ya chenga hizi pangekuwa na picha inayolingana na maneno niliyopewa, ingekaaje? Baada ya hatua kadhaa chenga zinakuwa godoro. Katika safari yote hiyo hakuna mahali inapopita Kilembe.

Ufundi huo wa kukisia umetokana na kuonyeshwa picha pamoja na maelezo yake, nyingi kupita hesabu ya kichwa. Mkusanyo maarufu wa LAION-5B, wa mwaka 2022, ulitolewa ukiwa na jozi bilioni 5.85 za picha na maneno. Zenye maneno ya Kiingereza ni zaidi ya bilioni 2.3, lugha nyingine zaidi ya mia moja zinagawana karibu kiasi hichohicho. Kiswahili humo ni chumvi ndani ya Ziwa Victoria. (Laiti lingekuwa la Katwe, lile la chumvi.)

Kwa hiyo agizo la Kiswahili tulilipitisha kwanza kwa mtafsiri wa mashine, likageuzwa Kiingereza, ndipo likaenda kwa mtambo. Mwandishi hakuiona hatua hiyo. Tuliificha kusudi, ili ajisikie anaongea na mtambo uso kwa uso. Siku ya majaribio niliandika "kijana anakaanga rolex kando ya steji ya boda", nikaletewa kijana nadhifu anakaanga saa ya mkononi, ya dhahabu, ndani ya mafuta. Tulicheka mpaka machozi. Nikaandaa orodha ya maneno yetu: rolex ni chapati na mayai, gomesi ni vazi, taksi ni ile nyeupe yenye miraba ya bluu. Nikaona nimemaliza kazi.

Kisha akaja Mwalimu.

Mwalimu ni mstaafu. Amefundisha darasa la tano karibu miaka thelathini huko Kilembe, na Kiswahili chake ni kile cha kambi ya mgodi alimokulia, ambamo akina baba walitoka kila upande kuja kuchimba shaba. Huandika polepole. Makala yake kuhusu mafuriko ya Mei 2020, yale yaliyoiharibu hospitali ya Kilembe Mines, ni kitu bora zaidi kilichowahi kupita kwenye jukwaa letu. Nasema hivi nikijua wengine watanuna. Ndani yake anaeleza kwamba maji hakuyaona. Ilikuwa usiku. Alisikia mawe. Nyamwamba ukija hauji na maji peke yake, unakuja na mawe ya mlimani, mengine makubwa kama taksi, yanagongana chini kwa chini, na kishindo chake kinapanda kwa miguu kabla ya kufika masikioni. "Kwanza kitanda ndicho kilichosikia," ameandika.

Hana picha hata moja ya usiku huo. Simu ilikwenda na jiko.

Kisanduku cha kijivu kikamwonya kuhusu wasomaji wachache. Naye, mtu mtiifu, akaandika kwenye kitufe kipya: "Maji yameshuka Kilembe, Mei 2020."

Kule, maji yakishuka maana yake yametoka mlimani, yanakuja. Mtafsiri hakuzaliwa chini ya mlima; akaelewa kwamba maji yamepungua. Picha ya kwanza ikawa mto mtulivu, jua la asubuhi, kina mama wanafua. Mwalimu akatupigia simu. Hakukasirika, aliuliza tu kama mtambo haukutumwa mto mwingine kwa makosa. Nikaipokea mimi. Nikamwandikia agizo mwenyewe, kwa Kiingereza, kwa ufundi wangu wote: mafuriko, alfajiri, mabati, mwanamke, godoro, milima.

Sekunde kumi na moja.

"Inafanana-fanana," alisema Mwalimu. "Ila mawe yako wapi?"

Nikaongeza mawe. Yakaja ya mviringo, masafi, yamepangwa kando ya maji kama yale ya kupambia bustani za hoteli. Nikasema makubwa, yakaja makubwa, bado masafi. Nikasema yanabingirika, yakaelea. Jioni ikaingia. Mwishowe tukarudi kwenye ile isiyo na mawe. Yeye aliona haya kuendelea kunisumbua, na mimi nilitaka kwenda nyumbani.

## Jina la faili

Baada ya simu ya Shangazi nilianza kuifuatilia picha ilikopita, kikundi kwa kikundi, nikirudi nyuma. Nilitarajia kumkuta mhuni mwishoni. Ingenisaidia sana kumkuta mhuni.

Nilimkuta kijana wa kwaya.

Mvua ilikuwa kubwa, akaniambia, na yeye anakaa karibu na mto. Alitaka kuwaonya watu wa kanisa. Ujumbe usio na picha hakuna anayeusoma (sikusema kitu), akatafuta "Kilembe maji" kwenye simu, picha yetu ikatokea mbele. Akaihifadhi, akaituma na maneno mawili: Jihadharini, Nyamwamba. Basi. Aliyeipokea akaongeza "usiku huu". Mwingine akaongeza kwamba Kilembe imekwisha. Kila mkono ulitia chumvi yake.

"Lakini ulijuaje ni ya Kilembe?" nilimwuliza.

"Si imeandikwa?"

Imeandikwa wapi? Nikaenda kutazama, na pale nikakaa kimya kwa muda. Programu yangu ilikuwa inachukua agizo la mwandishi na kulifanya jina la faili. Mimi nilipobadilisha agizo la Mwalimu kuwa la Kiingereza, jina lilibaki lake: maji-yameshuka-kilembe-mei-2020. Maneno hayohayo niliyajaza pia kwenye maelezo ya picha, yale ambayo simu humsomea msomaji asiyeona. Mtu asiyeona, kwa hiyo, aliambiwa na jukwaa letu, bila kigugumizi, kwamba mbele yake pana Kilembe ya Mei 2020.

Onyo lilikuwepo, eti. Chini ya picha, kwa herufi ndogo za kijivu: "Imetengenezwa kwa akili mnemba." Lakini maandishi hayo yalikuwa ya ukurasa, hayakuwa ya picha. Ukiihifadhi picha kwenye simu, yanabaki nyuma kama mlinzi aliyesinzia getini.

Kulikuwa na kinga nyingine ambayo nilijivunia zaidi. Mtambo tunaoukodi huipachika kila picha hati ya asili yake, ile ya kanuni za C2PA: data iliyofichwa ndani ya faili, inayosema picha imetoka wapi na imetengenezwa na nini. Najua WhatsApp ikibana picha huivua data ya aina hiyo. Nilikuwa tayari kuilaumu WhatsApp, hata sentensi nilishaiandaa. Halafu nikakumbuka kwamba picha zilifika kwetu zikiwa nzito, karibu megabaiti moja na nusu kila moja, na kwa kuwa wasomaji wetu wananunua data kwa shilingi na tangu Julai 2021 kila bando lina kodi ya asilimia 12 ndani yake, mimi, kwa huruma, nilizigeuza ziwe nyepesi mara kumi kabla ya kuzihifadhi. Katika kugeuza huko hati ya asili ilidondoka. Picha ilitoka nyumbani kwangu ikiwa uchi tayari.

## Mtu wa Nasser Road

Mwenzangu anayetuchorea, aliyeanzia kazi Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala, hakuona kwa nini nakosa usingizi.

"Sisi tulifanya haya zamani," alisema. "Na mkasi."

Mnayajua mabango ya Nasser Road. Rais wa nchi ya mbali amevikwa gwanda, nyuma yake ndege za kivita, pembeni simba, juu maandishi mekundu yenye kivuli cha njano. Yanauzwa kando ya barabara na kubandikwa kwenye vinyozi, na sijawahi kusikia mtu aliyekimbia nyumba yake kwa sababu ya bango. Nilimwambia hivyo: bango lenu linapiga kelele kwamba ni bango. Akasema watu watazoea, kama walivyozoea mabango. Tulivutana siku mbili, tukala rolex mbili (za mayai), kisha akaniuliza swali lililonitoa kwenye reli.

"Kwa Kiswahili picha mmeitoa wapi?"

Kwa Waingereza, nikasema.

"Sisi Waganda tunasema ekifaananyi. Kinachofanana. Hatukuwahi kudai ni kitu chenyewe."

Nilirudi nalo nyumbani neno hilo. Kufanana, mzizi ni uleule wa kwetu, tumelala nao nyumba moja bila kujuana. Na Mwalimu alikuwa amelitumia: inafanana-fanana. Pengine basi tatizo lilikuwa langu, la kutaka picha iwe shahidi wakati lugha ya jirani ilishasema mapema kwamba haizidi kufanana.

Lakini ekifaananyi cha harusi ya jirani yangu kinafanana na jirani yangu. Hiki kinafanana na nani? Kinafanana na mafuriko ya dunia nzima yaliyokorogwa sufuria moja: maji ya kahawia, mabati, mzigo kichwani. Kitu kimoja ambacho mtu wa Kilembe angekitumia kuutambua mto wake ndicho kilichokosekana. Na hakikukosekana kwa bahati mbaya. Mtambo hushika kilicho kingi, na mafuriko yenye mawe kama taksi ni machache duniani. Kwa mtambo, mawe ya Nyamwamba ni kelele za kufutwa pamoja na chenga.

Nikafurahi. Nikaona nimepata hoja. Nikampigia Shangazi, mguu bado umefungwa, nikamwuliza: wewe uliyeishi na mto huo maisha yako yote, hukuona kwamba hauna mawe?

"Baba," alisema, "usiku, mvua, wajukuu watatu. Nani atahesabu mawe?"

Nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo. Yalikuwa yangu, ya vidole.

## "Mmeninyang'anya"

Asubuhi ileile ya tukio tuliiondoa picha kwenye makala ya Mwalimu. Hatukumwuliza. Siku iliyofuata alipiga simu, na safari hii alikuwa na hasira.

Nikamweleza. Akamwonea Shangazi huruma ya kweli, akauliza jina la mtaa, akasema atampelekea mtu wa kumkanda. Kisha akarudi kwenye lake.

"Kijana wangu, wakati wa mgodi picha zilipigwa. Picha za mitambo zipo. Za mameneja na wake zao zipo. Sisi watoto wa kambi hatumo. Mto ulipokuja 2013 walikuja watu wa magazeti, wakapiga daraja, wakarudi. Ulipokuja 2020 hivyohivyo. Jiko langu halimo popote. Sasa nimepata picha moja juu ya jina langu, wajukuu wameiona, wamesema babu, kumbe ilikuwa hivi. Mmeninyang'anya. Halafu mnaniambia hiyo ni ya uongo, na zile ambazo mimi simo ndizo za kweli?"

Nilisema mambo kuhusu usalama. Hata mimi niliyasikia yanavyolia kama debe.

Ni kweli kwamba wenye picha ndio wanaokumbukwa. Ni kweli kwamba kitufe kile, kwa mara ya kwanza, kilimpa mzee wa Kilembe kitu ambacho mwandishi wa gazeti la Kampala huwa nacho bila kufikiri. Kumwambia asubiri mpaka tutakapokamilisha kanuni zetu ni rahisi kwangu. Mimi picha zangu za utoto ziko kwenye albamu ya mama, zimefunikwa nailoni.

Usiku huo niliisoma upya makala yake, bila picha, kwenye simu, taa zimezimwa. Nilipofika kwenye kitanda kinachosikia kabla ya masikio, nilisimama. Nikakumbuka alasiri ile niliyoandika lile onyo. Mtu ameandika sentensi kama hii, na kisanduku changu kimemjibu kwamba kazi yake imepungukiwa. Sisi ndio tuliompa kiu, halafu tukamwuzia maji. Nilikuwa nimetumia wiki nzima kuchunguza kitufe, na kitufe kilikuwa cha pili. Cha kwanza kilikuwa kisanduku cha kijivu, ambacho hakikuwa na akili yoyote, ya kweli wala mnemba.

## Tulichogusa

Nitapita haraka hapa, wenye hamu ya ufundi mniandikie.

Onyo limeondoka. Kisanduku kimeondoka juu ya kichwa. Makala isiyo na picha ikitumwa WhatsApp sasa inabeba sentensi moja ya mwandishi mwenyewe kwenye kadi ya rangi, na sentensi anaichagua yeye. Kitufe kimebaki, ila kimesogezwa ndani ya menyu, na kabla agizo halijaondoka mwandishi anaonyeshwa mtafsiri ameelewaje, kwa Kiswahili, ili aone mwenyewe kama maji yamekuja au yamepungua. Alama ya "mchoro wa mashine" imechomwa ndani ya picha, utepe mzima chini, na jina la faili linaanza na maneno hayohayo. Atakayekata utepe atakata. Angalau atakuwa ameshika kisu.

Tuliweka pia orodha ya maneno ambayo kitufe kinayakataa: mafuriko, moto, ajali, mapigano. Wiki ya kwanza kikamkatalia binti wa Arua shairi lake kwa sababu ya moto wa mapenzi. Mtu wa Nasser Road alicheka kwa siku mbili. Orodha bado ipo, inavuja kila upande, na sijui kama mwakani itakuwepo.

Mama wa Busia ndiye anayenizuia kukifuta kabisa. Anaandikia watoto hadithi za sungura, na sungura wake huvaa gomesi, na kila picha akiipata hunitumia sauti ya kicheko chake. Hakuna anayekimbia kilima kwa sababu ya sungura.

Wasomaji wa makala za kadi ni wachache kuliko wa makala za picha. Onyo langu la zamani halikuwa la uongo, na hilo linaniudhi kuliko yote.

## Jiwe

Wiki iliyopita nilipanda basi la asubuhi kwenda Kasese. Shangazi anatembea, anachechemea kidogo akidhani tunamtazama. Alinipikia bundu na sombe, akanionyesha simu yake: amejitoa kwenye kikundi cha kanisa, akarudi siku ya pili kwa sababu ratiba za mazishi zinatangazwa humo.

Kesho yake nilichukua boda mpaka Kilembe. Mwalimu alinisubiri barabarani na fimbo yake, akanitangulia kushuka kwa mto bila maneno mengi. Maji yalikuwa kidogo, yanapita katikati ya mawe kama mtu mwembamba katikati ya umati. Tukafika mahali penye majani na kipande cha sakafu ya saruji.

"Jiko," alisema.

Juu ya sakafu hiyo kuna jiwe. La kijivu, lina mstari mweupe ubavuni, limelala upande kama ng'ombe. Nikatoa simu, nikapiga. Nikamwonyesha. Akaivuta karibu na macho, akaitazama kwa muda, akanirudishia.

"Halionekani kubwa."

Alikuwa na haki. Kwenye skrini lilikuwa jiwe tu, la mahali popote, juani.

"Mwalimu, simama karibu nalo," nikasema. "Ukiwepo wewe, ukubwa wake utaonekana."

Akalitazama jiwe, akanitazama mimi.

"Nimeshasimama karibu nalo vya kutosha," alisema, akaanza kupanda kurudi barabarani.